Kombi ya Baba Mkubwa na Visiwa vya Kipili

Hadi leo nikinusa petroli iliyochanganyika na harufu ya mapazia yenye unyevu, nasikia hamu ya kusonya. Ndiyo harufu ya kombi ya baba mkubwa Leonsi, kaka yake baba yangu, ofisa wa pale Sumbawanga miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ndani ilikuwa na kitanda, jiko dogo, sinki lisilo na maji na viti vya kukunja. Mchana baba mkubwa alisimama mbele ya wakulima wa Pito au Msanzi akiwahubiria kujitegemea mpaka povu likamtoka. Jioni alikuja kwetu Kasense akatupanga mstari sisi watoto, tujitolee kumwoshea gari. Kujitegemea gani huko! Debe tupu haliachi kuvuma.

Mzungu alimwachia pia gazeti lenye picha za watu wanaozuru visiwa kwa magari ya namna hiyo, wamekaa ufukweni na vikombe mkononi, hawana hata kuku wa kumfukuza. Baba mkubwa alilishika gazeti lile kama katekista anavyoshika katekisimu, akaapa kwamba atakuwa Mfipa wa kwanza kuzuru visiwa kwa kombi. Visiwa vyenyewe ni vile vilivyo mbele ya Kipili, katika Ziwa Tanganyika. Ingekuwa kichekesho tu, lakini bibi yetu, mama yake mzazi, alizaliwa kwenye kimojawapo, na dada yake, Bibi Tekla, alikuwa bado anaishi kule. Kiangazi kile, nikiwa darasa la tatu, tulikuwa tunavuna ulezi ilipofika habari kwamba Bibi Tekla anaumwa, hawezi kuinuka, na anamwita mdogo wake.

Bibi alifunga mzigo siku hiyohiyo. Lori la dagaa lilishuka ziwani kila wiki na dereva alikuwa tayari kumchukua. Baba mkubwa akakataa katakata. "Mama wa ofisa apande juu ya magunia matupu ya dagaa? Watu watanionaje? Subiri, Mama, nitakupeleka kwa kombi. Subira yavuta heri." Basi Bibi akasubiri. Kombi ikakosa petroli. Ikapata petroli, ikakosa tairi. Ikapata tairi, mwenyewe akakosa miwani ya jua. Kila Jumapili baada ya misa Bibi aliketi mlangoni na kikapu cha unga wa ulezi, maana dada yake alikuwa akitamani uji wa huku juu, na unga ukianza kunuka alisaga mwingine. Hakulalamika, ila kila lori lilipopita barabarani alisimama. Mtu anawezaje kumwona mama yake hivyo, kisha akampita na ndoo ya kuoshea gari?

Tuliondoka baridi ya Ufipa ikiwa imekwisha. Mbele waliketi baba mkubwa na mkewe, nyuma mimi na Bibi na kikapu. Tukapita Chala na Namanyere, tukateremka mlima mpaka joto la ziwa likatupiga usoni. Visiwa vikatokea, vya kijani, vizuri kweli. Sitavinyima haki yao. Baba mkubwa akaendesha ufukweni huku na huko, akipiga honi na kunyoosha kidole: "Kile kimoja! Kile cha pili!" Kisha akazima gari, akakunjua viti, akamimina chai na kutangaza kwamba tumekwisha kuvizuru. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Yeye aligaagaa na upwa akala mkate mkavu aliotoka nao Sumbawanga.

"Tunavuka saa ngapi?" Bibi akauliza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba mkubwa anaogopa maji. Bwana yule aliyekemea wazee wa watu mikutanoni alikuwa anautazama mtumbwi huku jasho likimtiririka. Akasema gari haliachwi peke yake, wataiba tairi. Akasema giza litatukuta mlimani. Mwishowe akasema neno ambalo sijamsamehe: "Mama, visiwa vinaonekana vizuri zaidi kutoka hapa."

"Mwanangu," Bibi akasema taratibu, "dada yangu haonekani kutoka hapa."

Akajitwisha kikapu, akateremka majini hadi kwa mama mmoja aliyekuwa anapakia mihogo mtumbwini. Wakasalimiana, akapanda. Baba mkubwa hakuinuka kumsindikiza. Alipoinuka ilikuwa kumpa mkewe kamera, akaegemea kombi, akatoa meno.

Bibi alimkuta dada yake yu hai, namshukuru Mungu kwa hilo. Alimpikia uji, wakalala kitanda kimoja kama walivyolala utotoni, mpaka Bibi Tekla alipokata roho mvua za kwanza zikianza. Alipokwisha kumzika, akarudi Sumbawanga juu ya magunia ya dagaa, ananuka samaki kutoka kichwani hadi miguuni, na akamwomba dereva amshushe palepale mbele ya ofisi ya mwanawe.

Siku hizi vijana wa mjini wanateremka Kipili na magari yenye vitanda na friji, wanavipa visiwa mgongo, wanajipiga picha, wanageuza. Nawadharau kidogo tu, maana hawajamketisha mama yao mlangoni. Baba mkubwa ni mkongwe sasa. Kombi imeozea nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani ya sinki. Lakini picha ile ipo ukutani, na kila mgeni lazima asimuliwe jinsi alivyozuru visiwa. Juzi nilikwenda kumwamkia. Aliponiitikia marahaba akaanza tena hadithi yake, nami nikaweka kidole pichani, kwenye kitu kidogo cheusi majini, nyuma ya bega lake.

"Na hawa ni akina nani, Baba?"

"Wavuvi tu hao."

"Mmoja ana kikapu," nikasema. "Ni mama yako."

Akakaza macho kutoka kitini kwake. "Mbona haonekani vizuri kutoka hapa?"

"Inuka basi, Baba, usogee."

Hakuinuka.