Mtego wa Mpakani

Enzi zetu hapa Tunduma, gemu haikutufuata kitandani kwenye simu. Tuliifuata sisi, kwenye chumba cha kompyuta nyuma ya duka la spea, na ukikuta umeme umekatika ulirudi nyumbani umenuna. Mimi na Chanda, binti wa shangazi yangu, yule shangazi aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, tuliipenda gemu moja ya wafalme na wakulima. Ila hatukubonyeza tu na kupiga makelele kama watoto wa leo. Tulichora ramani zetu wenyewe, tukazitegea mitego.

Mtego lilikuwa jina letu la zile amri zinazojifyatua: hili likitokea, lile lifuate. Mkulima akifika mtoni, daraja litokee. Ghala likijaa mahindi, kengele ya kanisa ilie. Hakuna aliyetufundisha. Tulikuwa tumetega panya sana kwa bibi yetu kijijini Igamba, tukajua kwamba mtego uliotegwa ovyo humfyatukia mwenyewe.

Likizo nzima tulichora Tunduma na Nakonde, vibanda, malori, mashamba, na mstari wa mpaka katikati. Ikabaki kuutega huo mpaka. Obadia, kijana aliyesimamia kile chumba, akatuinua kitini akautega yeye: yeyote akivuka, vita vianze. Tukaanza kucheza. Nikamtuma mkulima wangu ng'ambo akakate kuni. Mara ngoma zikalia, nyumba zote zikawaka moto.

"Iwe, wewe!" Chanda akamwakia. "Mtu kafuata kuni tu, unamchomea nyumba?"

"Mpaka ni vita," Obadia akajibu. "Gemu bila vita ni gemu gani?"

Mpaka ni vita! Ananiambia mimi, ambaye mama alinituma kila mara ng'ambo kwa shangazi nikalete mkate, na kunionya: "Ukikaribishwa chakula, kula, usiniaibishe." Obadia alipotoka kwenda kunywa chai tukategua mtego wake, tukatega wetu: yeyote akivuka, apewe chakula. Watoto wakajazana nyuma yetu wakigombea zamu ya kuvuka. Obadia akarudi, akaona, akaifuta ramani nzima mbele ya macho yetu, eti haina mshindi. Chanda alilia njia nzima hadi kwao. Mimi hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka. Kufuta jasho la watoto kwa sababu hukupenda walivyopatana ni ushenzi, sina neno jingine.

Juzi nilimuuliza mwanangu ni nani aliyetega mitego ya gemu anayocheza.

"Aa mama, si inakuja nayo tu!"

Inakuja nayo! Na hataki hata kujua imetoka kwa nani. Nikachungulia kwenye simu yake: anapigana na watoto wa Chanda. Kila jioni wanachomeana miji. Kutoka kwetu hadi kwa Chanda ni mwendo wa kutembea tu, na watoto hao hawajawahi kula sahani moja.