Paneli Iliyotazama Kusini

Anneth Mgaya, jirani yangu hapa Lyamkena, alirudi kutoka India akiwa na miaka hamsini na mbili na cheti cha ufundi wa umeme wa jua. Kazi yake ya kwanza ilikuwa zahanati ya kijiji alikozaliwa, nje ya Njombe. Akafunga paneli kama alivyofundishwa, ikitazama kusini. Ulipofika Juni, taa za chumba cha kujifungulia zikafifia. Kamati ya zahanati ikamwambia zikiendelea hivyo hadi Jumapili, ataitwa fundi mwanaume.

Anneth alisali, kisha akampigia Tamandani wa Karonga, Malawi, waliyesoma naye kule India.

“Dada, paneli yako umeielekeza wapi?”

“Wewe je?”

“Kusini, kama mwalimu alivyosema.”

Tamandani akacheka sana. “Hata mimi nilifanya hivyo hivyo. India jua lao liko kusini. La kwetu mwezi huu linapita kaskazini. Geuza, mama.”

Akajifunga kitenge, akapanda ngazi, akaigeuza paneli. Kufikia Jumamosi taa zilikuwa zinawaka vizuri.

Mwenyekiti alipouliza nani kamsaidia, Anneth hakuficha. “Mwenzangu wa Malawi. Yeye alikosea kabla yangu.”

Namshukuru Mungu kwa mtu anayekubali kusimulia kosa lake.