Kidonda Kisichouma

Asubuhi ile niliondoka Kirongwe bila kumuaga mtu na bila kujua naelekea wapi. Nilikunja shuka, nikatia kwenye mfuko wa salfeti nguo zangu, redio isiyoshika stesheni na kopo langu la vidonge, nikashika barabara. Nimeondoka hivyo mahali pengi. Shule yenyewe niliiacha darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua barabara iliyopita mbele yake inaishia wapi, na nilipojua nikataka kujua nyingine. Lakini mara zote hizo nilivutwa na kitu kilichoko mbele. Mara hii nilikuwa nakimbia harufu, na harufu yenyewe ilitoka kwenye mguu wangu.

Pale Kirongwe nilikuwa nimekaa miezi miwili nikifua nazi kwenye shamba la mzee mmoja. Unasimama mbele ya kifuo, mti uliochongwa ncha na kuchimbiwa ardhini, unaipigilia nazi hapo na kuizungusha mpaka makumbi yaachie. Kazini tulikuwa pekupeku sote, na nyumbani kwa mzee tulivua kandambili mlangoni kama watu wote wanavyofanya. Siku moja niliingia kula, mke wa mzee akaniambia, "Baba, mbona unatuchorea mkeka?" Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na alama za damu kuanzia mlangoni mpaka nilipokaa, za mguu wa kulia tu. Kipande cha kifuu kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba, nami sikujua kimeingia saa ngapi.

Damu haikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba niliking'oa kile kipande kwa vidole vyangu mwenyewe na nikawa kama nang'oa msumari kwenye ubao. Nilikuwa na mwaka wa sita tangu niambiwe nina sukari. Nilijua miguu ya watu kama mimi hufa ganzi polepole. Kujua ni jambo moja, na kuona alama zako mwenyewe juu ya mkeka wa watu ni jambo jingine.

Sikumwambia mtu. Ugonjwa wangu nimeuficha kila nilipokwenda. Mgeni asiye na ndugu akisema anaumwa, wenyeji huanza kuwaza nani atamzika, na kazi hapati tena.

Mfuaji mwenzangu, mtu wa utani kuanzia asubuhi hadi jioni, aliniletea vidonge vya rangi mbili, vile vyeusi na vyekundu, vilivyobaki mtoto wake alipougua kifua. "Meza viwili," akasema, "cha tatu kifungue, mwaga unga kidondani. Kesho kutwa utacheza ngoma." Ndivyo watu wengi wanavyofanya, na mimi nilikipenda kitendo chenyewe. Siku zote nilitaka kujua ndani ya vile vidonge mna nini. Nilivuta vipande viwili vikaachana, unga ukamwagika, ukalowa, ukakauka ukawa gamba. Kidonda kikaonekana kimefunga. Siku ya tano vidonge vikaisha, na chini ya gamba nyama ilikuwa inaoza kwa raha zake.

Mchana wa siku iliyotangulia kuondoka kwangu tulikuwa tumezunguka sinia moja la wali. Yule mwenzangu akanusa huku na huku, akasema, "Jamani, nani kaficha samaki wa ng'onda humu ndani?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mzee mwenye shamba hakucheka, alisogeza goti lake kidogo tu, mbali na langu, akaendelea kula. Sikulala vizuri, na kulipopambazuka nikaondoka.

Nilitembea kitambo kwenye barabara iendayo mjini Kilindoni, kisha bodaboda mmoja akanipakia. "Kilindoni wapi?" akauliza. Nikamwambia anishushe popote patakapomfaa. Akanishusha mbele ya duka la dawa, labda kwa bahati, labda kwa sababu alikuwa amekaa mbele yangu na upepo ulikuwa unatoka nyuma.

Duka lilikuwa na dada mmoja, kijana, mwenye mtandio wa kijani na kalamu aliyoichomeka juu ya sikio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipe vile vya rangi mbili. Kumi vinatosha."

"Vya nini?"

"Nina kidonda kidogo."

"Hicho kidogo kimeingia dukani kabla yako," akasema, akafungua dirisha.

Akazunguka kaunta, akanikalisha juu ya kreti ya soda, akainama kutazama. "Umekimwagia nini?"

"Unga wa kidonge."

"Nyie watu mna kazi! Kidonge kimetengenezwa kipite tumboni, wewe umekifanya poda ya kujipaka." Akainua uso. "Una sukari?"

"Sina."

"Presha?"

"Sina."

"Kuna dawa unayokunywa kila siku?"

"Hakuna," nikasema, na kopo langu likagonga ndani ya mfuko nilipousogeza.

Hakugombana nami. Aliegemea kaunta akaanza kueleza kama anayezungumza na ukuta. "Nauliza kwa sababu watu wananificha. Mtu anameza glibenklamidi yake ya sukari kimyakimya, anakuja hapa kuomba sipro ya UTI. Ukimpa, zile mbili zikikutana tumboni, sukari inaweza kushuka chini kabisa. Si sipro peke yake, zipo nyingine. Halafu mtu anaanguka njiani."

"Anaangukaje?" Sikuweza kujizuia. Nikisikia jambo geni lazima niulize, hata likiwa linanihusu vibaya.

"Anatoka jasho. Mikono inatetemeka. Anaongea ovyo kama mlevi. Asipopewa kitu kitamu haraka, basi."

Nikakikumbuka kisiwa cha Chole. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa kule nikifunga mwani kwenye kamba wakati maji yamekupwa. Mkojo ulikuwa unaniunguza, na mtu tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja akanipa vidonge vyeupe vilivyombakia. Sipro, aliviita hivyo. Siku ya pili, jua likiwa limepanda na sijala kitu tangu nimeze dawa zangu za alfajiri, jasho lilinitoka nikaanza kuzifungua kamba badala ya kuzifunga, kisha nikakaa chini majini. Wanawake wa mwani walinicheka sana. "Huyu kalewa maji ya chumvi!" Mmoja wao akaacha kucheka, akanivuta mkono, akanitia mdomoni kashata aliyokuja nayo. Baada ya muda nikarudi duniani. Kijijini wakasema nimepitiwa na jini wa baharini, nami sikuwa na maelezo mazuri zaidi ya hayo. Siku tatu baadaye nilikuwa nimeshavuka kwenda Utende. Mwaka mzima nilijiuliza kilitokea nini, na jibu lilikuwa humu dukani likinisubiri.

Nikalitoa kopo, nikaliweka juu ya kaunta. "Dada, nimekudanganya."

Akavisoma vidonge vyangu, akakigeuza kimoja kwenye mwanga. Vilikuwa vilevile alivyovitaja. "Basi mimi sikuuzii kitu," akasema. "Mguu wa mtu wa sukari hauchaguliwi dawa kwenye kaunta. Nenda zahanati sasa hivi. Na usipitie duka jingine, maana wapo watakaokuuzia."

Nilipotoka nilisimama kando ya barabara kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Upande mmoja ni bandarini, ambako ningeweza kupata chombo na kukiacha kisiwa kizima cha Mafia nyuma yangu. Upande wa pili ni zahanati, ambako ningeambiwa jambo ambalo nisingeweza kuondoka nalo. Maduka mengine ya dawa yalikuwa wazi. Nilifikiri juu ya ule mguu. Sina shamba, sina nyumba, sina cheti. Kila nilichowahi kuwa nacho nilikipata kwa kutembea. Nikaenda zahanati.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alinitoboa kidole cha mkono, kipimo cha sukari kikasoma kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Akachukua kijiti cha chuma akakiingiza kwenye kidonda, akanitazama usoni badala ya kutazama mguu.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Kikazidi kuingia. "Na sasa?"

"Endelea tu, daktari."

"Mfupa sijaugusa," akasema alipokitoa. "Hiyo ndiyo habari njema pekee niliyo nayo leo."

Nikamuuliza kila kitu. Kwa nini vile vya rangi mbili havikusaidia? Akasema kidonda kama changu huwa na vijidudu vya aina nyingi, na mimi kwa dozi yangu ya kuokoteza niliwaua wanyonge nikawaachia nafasi wakorofi. Kwa nini asinichome sindano kali tukamaliza? Akasema baadhi ya hizo huumiza figo, na figo za mtu wa sukari hazichezewi kabla hazijapimwa. Akachukua damu ya kupima. Nikauliza sasa atajuaje dawa ipi inafaa.

"Ingefaa nikate kinyama, kipelekwe maabara, kioteshwe, kijaribiwe dawa moja baada ya nyingine. Hapa hatuna hiyo."

"Kwa hiyo unabahatisha?"

Akatabasamu kwa uchovu. "Nabahatisha kwa akili, mzee wangu. Wewe ulibahatisha kwa mabaki ya mtoto wa watu."

Akaniandikia amoksilini iliyochanganywa na dawa nyingine ya kuipa nguvu, ambayo alisema haigombani na vidonge vyangu, akaniambia ya sukari nisiache. Kisha akasema dawa haifiki kwenye nyama iliyokufa, kwa hiyo iliyokufa lazima itoke. Akaikata pale pale. Nilimtazama mwanzo mpaka mwisho kama natazama mtu anayeparua samaki wa mwingine. Ningetoa chochote ili nipige kelele.

"Kidole hiki siwezi kukuahidi," akasema akifunga bandeji. "Tunaupigania mguu. Siku kumi, kila siku uje nikusafishe. Homa ikikushika, au wekundu ukipanda, usingoje kesho. Na pekupeku mwisho leo. Hata ndani ya nyumba, hata kwenda chooni."

"Mimi kesho naondoka," nikasema. Ulimi ulishazoea.

"Subiri uondoke na miguu miwili."

Mama aliyekuwa akipiga deki barazani alinielekeza kijiji cha Miburani, kwa mjane mmoja anayeishi na binti yake na kupangisha chumba. Nilikwenda taratibu, nikikanyaga kisigino. Mchana ulikuwa mzito, na mashamba ya pembeni yalikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza njia ngeni haikunipa hamu ya kujua inakokwenda.

"Hodi."

"Karibu," ikajibu sauti, na mama wa makamo akatokea ukumbini, akifuta mikono yenye unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kwa chumba? Karibu, pita ndani ukione."

Kizingitini kulikuwa na safu ya viatu vilivyovuliwa. Sakafu ya ndani ilikuwa imetoka kupigwa deki. Alinisubiri nivue, kwa adabu, bila kuitazama miguu yangu. Ningeweza kuvua. Ningeweza pia kusema nimekosea nyumba. Nikasimama pale na mfuko wangu, nikamwambia kwamba nimekatazwa kuvua viatu, nina kidonda, na kidonda kinanuka.

Akaacha kufuta mikono. "Sukari?"

"Ndiyo, mama."

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

Akaingia ndani. Nikasikia sanduku likiburutwa. Aliporudi alishika kandambili za bluu, akaziweka sakafuni upande wake wa kizingiti. Ya kushoto ilikuwa imelika kisigino mpaka karibu kutoboka. Ya kulia ilikuwa mpya kabisa, na michirizi ya kiwandani bado imesimama.

"Za marehemu mume wangu," akasema. "Walimkata wa kulia. Baada ya hapo akawa anavaa ya kushoto tu na gongo lake. Hizi ni za ndani, usitoke nazo nje."

"Na hii ya kulia ukaiweka muda wote huu?"

"Ningeitupaje? Ni yake." Akakung'uta unga mikononi. "Utakaa siku ngapi?"

Swali hilo huwa silijibu. Husema tutaona, au kesho Mungu akipenda. "Kumi," nikasema.

"Hata yeye walimwambia kumi," akasema, akatangulia kwenda kunionyesha chumba.

Nikavua viatu vyangu nikiwa nimeshika mwimo wa mlango, nikatia mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Ile ya kulia sikuisikia. Ikabidi niiname nitazame kama imeingia.