Mdomo wa Bi Zena Ubaoni

Bi Zena binti Ussi bin Fauzi, wa Palma, kaskazini ya Msumbiji, ni mjukuu wa mwanamke aliyeongoza ngoma za harusi mji mzima, na mtoto wa mama aliyevusha chumvi mpakani Namoto bila kumwogopa askari wa Mreno. Yeye mwenyewe amewapaka maharusi wasiohesabika msiro, ule uji mweupe wa mti uliosagwa, usoni.

Mwaka ule wageni wa kampuni za gesi walipojaa mjini, mjukuu wake Nadia alimchora kwenye ubao, kwa rangi zilizobaki za milango. Jirani yao Wahida akaja kutazama.

"Shoga, mbona humu ubaoni umenuna kama mke aliyeletewa mwenzie?"

Nadia akashika kisu aikwangue picha. Bi Zena akamdaka mkono.

"Ngoja kwanza. Nyuma kapaka buluu nyepesi, mara moja tu, ili uso uje mbele. Msiro kauweka kwa kidole, kama niupakavyo mimi. Mdomo ni mstari mmoja." Akaufunika ule mdomo kwa kiganja. "Haya Wahida, sasa tazama macho."

Wahida akatazama. Macho yalikuwa yanacheka.

"Siku niliyochorwa ulikuwa unamtukana jogoo wako uani," Bi Zena akasema. " Mimi nimekibana kicheko, mjukuu wangu kakiona!"

Wahida akacheka mpaka kanga ikamteleza begani. Nadia akaweka kisu chini.

"Nyuso ngeni zinazidi mjini," Bi Zena akamwambia. "Basi wachore wazee wa mtaa huu wote, mmoja mmoja. Na uanze na huyu, meno yake yote matatu yaonekane."