Bawaba ya Chini

Bafu lenyewe, lile beseni kubwa la kuogea, lina mlango ubavuni. Mtu mzima aliyechoka magoti haruki ukingo: anafungua, anaingia, anaketi, anafunga, ndipo maji yanapofunguliwa. Mabafu ya namna hiyo hutengenezwa kwenye karakana moja ndogo huko ughaibuni, Stanmore, na kabla chuma hakijakatwa, Afra huyaunda kwanza ndani ya kompyuta.

Kazi ya ajabu, ukiitazama. Anachora mlango, anaupa uzito, anaushika kwa bawaba mbili na kuweka kipimo kwenye kila bawaba. Kisha anaiambia programu, haya. Mlango unafunguka wenyewe kwenye skrini, na chini yake mistari inapanda na kushuka: bawaba inavutwa kwa nguvu gani, inasokotwa kwa nguvu gani. Hakuna aliyelowa, hakuna aliyeanguka, na tayari unajua kitakachovunjika.

Jumatatu hiyo mstari wa bawaba ya chini ulilala chali. Sifuri. Afra akamwegemeza bibi wa kuchora kwenye mlango, uzito wake wote. Sifuri vilevile. Bawaba ya juu ilibeba kila kitu.

Siku nyingine angeshtuka. Lakini tangu mama yake afariki kule Unguja, hakuna kilichomshtua. Simu ilikuja asubuhi, alasiri mama akazikwa, yeye huku bado anatafuta tiketi. Hakulia. Kesho yake alipanda treni Queensbury kama kawaida, akaja kazini, na tangu siku hiyo anatembea kama mtu aliyezibwa masikio kwa pamba.

"Basi hiyo ya chini tuifanye nyembamba," alisema Hemal, mwenye karakana, kwa Kiingereza chake cha haraka. "Haibebi kitu, ya nini kuilisha chuma? Nipe neno lako tu, nipeleke mchoro kwa wakataji kabla hawajafunga."

"Sawa," akasema Afra.

Hemal akaenda zake. Kuldip, fundi mkuu, mzaliwa wa Kisumu, akamwekea chai mezani na chapati aliyoipika mwenyewe, imefungwa kwenye karatasi.

"Dada, hii sawa yako haina chumvi. Jana nimekuambia dari imemwangukia mke wangu, ukasema sawa."

"Imemwangukia kweli?"

"Hapana. Lakini ungeuliza."

Afra akatabasamu kwa mdomo tu. Simu ikalia: kaka yake, Mbarouk, kutoka nyumbani Unguja.

"Watu bado wanaingia," Mbarouk alisema, sauti imemkauka. "Kila anayekuja ananishika mkono mimi, analia begani kwangu mimi. Wewe una bahati, Afra. Uko mbali, hujabeba kitu."

"Kweli, kaka," akajibu, wala hakuona uchungu kulisema.

Akala chapati. Haikuwa na ladha, na kosa halikuwa la Kuldip. Kisha, kwa mazoea tu, kwa sababu mchoro haumtoki mkononi kabla hajaugusa mara ya mwisho, akaifuta bawaba ya juu, akaiweka upya palepale, akaamuru mlango ufunguke.

Sifuri ikahama.

Sasa ya juu ndiyo iliyolala, na ya chini imebeba kila kitu. Mlango uleule, bibi yuleyule. Afra akaweka kikombe chini.

Programu ile huamini chuma hakipindi kamwe. Kwa hesabu zake bawaba moja inatosha kuushika mlango, na ya pili ni ya ziada. Basi ile iliyowekwa mwisho huitoa kimyakimya na kuiandikia sifuri. Afra alikuwa anajua haya, aliwahi hata kumfundisha mtu. Na bado alikuwa amesema sawa. Hakuna aliyeipima bawaba ya chini. Haikuulizwa, basi.

Akazilegeza zote mbili kidogo: ya juu ibebe uzito, ya chini izuie tu mlango usisogee pembeni. Akaamuru tena. Mistari yote miwili ikainuka. Ya juu ilikuwa inavutwa, ya chini inasukumwa, kwa kiasi kilekile.

Akamfikiria bibi wa kweli sasa, miguu imelowa, anainuka kutoka majini, anauegemea mlango ulioshikwa na kipande chembamba. Akainuka, akaenda kwa Hemal.

"Neno langu nalirudisha."

"Si ulisema sawa?"

"Nilisema. Sikuwa nimepima."

Hemal akamtazama, akaitazama saa, akachukua simu ya wakataji. "Unene uleule?"

"Uleule. Zote mbili."

Jioni, kwenye kiti cha stesheni, Afra alimpigia Mbarouk.

"Kaka. Umesema sijabeba kitu."

"Nimesema."

"Hukuniuliza."

Kule Unguja mtu alikuwa anakusanya vikombe, Afra alivisikia vinagongana.

"Haya," Mbarouk akasema taratibu. "Nakuuliza."

Afra akafungua kinywa. Akatafuta ndani mwake, akakuta palepale pa pamba, hakuna kinachosogea.

"Sijui," akasema. "Niulize tena kesho."

"Nitakuuliza. Umekula nini leo?"

"Chapati."

"Ilikuwa nzuri?"

"Mtu alinipikia," akasema, na treni ikaingia.