Mwalimu Breki na Gari Lisilo na Injini

Mama yangu alifundisha watu kuendesha magari tangu mimi sijaota meno hadi nikawa na watoto wangu mwenyewe, na muda wote huo alikaa upande wa abiria. Watu hawalifikirii hilo. Wanadhani mwalimu wa udereva ni mtu wa usukani. Mama aliushika usukani asubuhi akilitoa gari la chuo getini, na jioni akilirudisha. Saa zote za katikati usukani ulikuwa wa wengine. Yeye alikuwa na breki yake ya pili chini ya mguu, kibao cha L juu ya paa, na sala mdomoni. Mama alimwombea kila mwanafunzi mpya kwa sauti, ili naye asikie: "Ee Mungu, huyu ni wako na mimi ni wako. Turudishe wote wawili."

Mjini walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu alifundisha kusimama kabla ya kwenda. Siku ya kwanza gari halikutoka hata hatua moja. Ilikuwa kiti, vioo, mkanda, basi. "Kiti kwanza," alisema. "Ukiendesha kwenye kiti cha mwenzako ni kama umevaa viatu vya mwenzako, utajikwaa." Walionung'unika kwamba wamelipia kuendesha, si kukaa, aliwaambia hata kuku hukaa kabla ya kutaga.

Mungu alimchukua kabla ya mvua za mwaka huu. Naandika haya ili wajukuu wayasome, maana kaka yangu anapoyasimulia huruka sehemu inayomhusu.

Mbele ya duka la kinyozi, kwenye barabara inayoshuka kuelekea kituo cha mafuta, palikuwa na gari la michezo la rangi ya samawati. Lilikuwa na milango miwili tu, boneti ndefu, na kimo cha chini kiasi kwamba mbuzi angeweza kuliruka. Kinyozi alilinunua likiwa tayari limezeeka, akalikimbiza kwa fujo bila kuangalia oili, nalo likamzimikia. Tangu hapo likakaa palepale, likijaa vumbi, na wateja wake wakilikalia wakisubiri zamu ya kunyolewa.

Mama alilitumia gari hilo kufundishia. Kila mwanafunzi aliyejifunza kuegesha kinyumenyume, aliegesha nyuma ya samawati ile. Mama akawa analijua mstari kwa mstari, jinsi bampa lake linavyopinda, jinsi taa zake zilivyolala, na hakuwahi kuligusa hata kwa kidole.

Alipobakiza muda mfupi kustaafu, alituita nyumbani mimi na kaka. Mimi ni kitinda mimba wake, nauza vitabu vya shule. Kaka ni kifungua mimba, ana duka la mabati na misumari, na tangu baba atutoke amejipa cheo cha baba. Mama alitumiminia chai, akakaa, akasema kama mtu anayezungumzia bei ya vitunguu:

"Nataka kununua lile gari la kinyozi."

Kaka alidhani ni utani. Alipoona mama hacheki, akaweka kikombe chini.

"Mama, lile halina injini."

"Injini linayo. Imekufa."

"Sasa maiti ya nini? Si tulisema akiba yako tutajengea vyumba viwili vya kupangisha?"

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilikuwa natafuna."

"Gari la vijana lile, mama."

"Vijana ndio walioliua," mama akasema. "Acheni na wazee tujaribu."

Halafu akaongea kwa sauti nyingine. Alisema magoti yake yameanza kumsumbua, na daktari amemwambia hayatarudi ujanani. Alisema maisha yake yote ameendeshwa na watu wasiojua kuendesha. Kabla miguu haijamkatalia klachi, anataka gari moja lenye breki moja, na breki hiyo iwe chini ya mguu wake. "Nikishindwa kulifufua, nitajua nilijaribu. Nisipojaribu, nitakaa kwenye vyumba vyenu vya kupangisha nikilitazama dirishani."

Kaka hakukubali. Alisema kama ni hivyo twende na fundi, na fundi akisema hapana iwe hapana. Mama akakubali upesi mno, na mimi nikajua tayari ameshamchagua fundi.

Fundi yule alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alianguka mtihani wa leseni mara nyingi hadi wenzake wakamwita Mkaazi, kwamba amehamia chuoni. Mama hakumwacha. Jumamosi tulipofika kwa kinyozi tulimkuta ameshafungua boneti, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

Hapo ndipo mama alipofanya jambo ambalo kinyozi hadi leo analisimulia. Alilizunguka gari mara moja, taratibu, kisha akafungua mlango na kuingia. Akakaa. Akafunga mkanda. Mguu wake ukanyooka, ukakanyaga chini, ukakosa kitu. Akakanyaga tena.

"Mwalimu," kinyozi akasema kwa upole, "dereva anakaa upande ule."

Alikuwa amekaa upande wa abiria. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakajizuia, wakashindwa. Mama naye akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Lakini mimi nilimwona alivyoutazama mguu wake, nami nikaacha kucheka.

Akashuka, akazunguka, akakaa kwenye usukani. Akavuta kiti mbele mpaka mwisho, kwani alikuwa mfupi, akaweka vioo sawa.

"Haya, Mkaazi," akamwita fundi. "Siku ya mtihani sikukuficha kitu. Na wewe usinifiche."

Fundi akajifuta mikono. "Mwalimu, injini imenoki. Chuma kimevunjika ndani kikatoboa ubavu. Hii si ya kutengeneza, ni ya kutoa na kuweka nyingine. Lakini bodi haina kutu, gia nzima, na breki nimezifungua zote, ni nzima. Injini imekufa, gari halijafa."

"Nyingine inapatikana?"

"Ya kwake yenyewe itachukua muda, na ni ghali. Kuna ya gari dogo la kawaida ninayo gereji. Nikibadilisha kidogo mikono inayoishikilia, inaingia. Nafuu sana."

Kaka akaona upenyo. "Umesikia? Kama ni lazima, chukua hiyo ya nafuu."

"Nimfufue simba nimtie moyo wa paka?" mama akauliza. "Halafu akinguruma watu waulize nani kakanyagwa mkia?"

Benchi zima likacheka. Kaka akakasirika, maana wengi wa waliocheka hununua misumari dukani kwake. Akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Mama, hujui hata kama unaweza kuliendesha. Hili si gari la chuo."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama yangu hivyo.

Mama hakugeuka. Alimwomba fundi ashuke hadi chini ya mteremko azuie baiskeli na mikokoteni. Akamwomba kinyozi na wateja wasukume wakiambiwa. Kisha akamtazama kaka, akapigapiga kiti cha pembeni kwa kiganja.

"Panda."

"Mama, halina injini."

"Mteremko upo. Panda, funga mkanda."

Kaka akapanda. Fundi, kabla ya kushuka mteremko, alimkumbusha mama kwamba injini ikiwa imezima usukani unakuwa mzito na breki ngumu kama jiwe. Mama akasema anajua, ndiyo maana anataka kuijaribu sasa na si baadaye. Akazungusha ufunguo usukani ufunguke. Betri ilikuwa imekufa, hivyo taa hazikuwaka. Akatoa mkono nje ya dirisha kuonyesha kwamba anaingia barabarani, ingawa barabara nzima ilikuwa tupu na inamtazama yeye.

"Ee Mungu," nikamsikia, "huyu ni wako na mimi ni wako."

Wakasukuma. Gari likaacha mahali lilipolala muda mrefu, magurudumu yakatoa mlio mmoja wa kulalamika, kisha likaanza kuteremka. Halikuwa na sauti yoyote. Ndicho kilichotushika wote, gari la mbio linapita kimya kama paka sakafuni. Wanawake waliokuwa dukani wakatoka. Cherehani ya fundi nguo jirani ikasimama. Nilikimbia pembeni mpaka pumzi ikakata, na kabla halijanipita vizuri nilimwona mama, mikono miwili kwenye usukani, shingo imenyooka, uso wa mtu aliyefika kwake. Kando yake kaka alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote, mguu ukikanyaga sakafu, ukikanyaga, ukikanyaga.

Karibu na kituo cha mafuta kuna mstari mweupe wa kusimama. Mama alianza kubana breki mapema, kidogo kidogo, kwa nguvu ya mguu wenye goti bovu. Gari likapunguza, likapunguza, likatua. Nilipofika nikainama kutazama. Gurudumu la mbele lilikuwa limesimama kabla tu ya mstari, halijaukanyaga.

Ndani ya gari, mama ndiye aliyeanza kusema.

"Hapo ulipo wewe nimekaa maisha yangu yote. Unaonaje?"

Kaka alijisugua paja. "Mguu unauma."

"Wa kwangu pia."

Kaka akashuka, akasimama barabarani kama mtu aliyetoka kuoga maji baridi. Fundi akamuuliza tumeamuaje, na kaka, baba wa kujipachika, akasema, "Mnaniuliza mimi? Muulizeni mwenye gari." Sehemu hii ndiyo anayoiruka.

Mama alinunua. Injini ya kwake yenyewe ilichelewa, na wakati wa kuisubiri alikuwa akienda gereji kuliosha gari lisiloweza kwenda popote. Ilipofungwa na kuwashwa mara ya kwanza, fundi alilia, eti moshi. Tangu hapo mama alilipeleka kanisani kila Jumapili, sokoni, na siku nyingine pasipo na sababu, akifuata spidi ya kwenye vibao, mkono wake ukitangulia kila kona. Baiskeli zilimpita. Vijana wakampigia kelele, "Bibi, likanyage." Aliwajibu kwamba simba haendi mbio kila siku, ila kila mtu anajua anaweza.

Aliliendesha hadi alipolala kitandani. Miguu haikumkatalia klachi, ila moyo ndio uliotangulia. Nikisema namlilia, nasema kweli. Nikisema najivunia, nasema kweli zaidi.

Asubuhi ya mazishi tuliona ni haki gari lake liongozane naye. Nje ya nyumba walisimama madereva wa mabasi, wa malori, wa gari la wagonjwa, wengi wao wanafunzi wake. Kaka akaingia kwenye usukani. Ni mtu mrefu. Magoti yake yakagota kwenye dashibodi, kidevu kikakaribia usukani, kwa kuwa kiti kilikuwa bado mbele kabisa, kama mama alivyokiacha. Akawasha. Hakukigusa kiti.

Nikaketi kando yake. Nikamwambia taratibu, "Kaka, kuna kishikio hapo chini."

"Najua."

Injini ilinguruma. Hatukwenda. Mbele yetu gari lililombeba mama lilikuwa likisubiri.

"Angekuangusha mtihani," nikasema.

Kaka aliinamisha kichwa juu ya usukani. Kisha akashusha mkono, akasukuma kiti nyuma mpaka miguu ikakaa vizuri. Akaweka vioo sawa. Akafunga mkanda, akahakikisha na wangu. Akatoa mkono dirishani, na nyuma yetu madereva wote wakatoa mikono yao, tukaingia barabarani.