Droo ya Kamba

Mkasi upo ukutani, lakini muuguzi wa zahanati hii ya Gungu hukata nao bandeji tu. Kamba aliyofungwa mgonjwa huifungua kwa kucha, taratibu, huku akimwuliza habari za dagaa. Mwanne, aliyemleta mwanawe akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya wavu, alisema kwa aibu, "Ana wazimu." Muuguzi hakuinua uso. "Neno la wazee hilo, mama. Waliamini mtu kaingiliwa na mizimu ya ukoo. Bibi yangu alisema mtu huyo hupikiwa kama mgeni, hafungwi." Fundo likaachia. Akaipuliza michubuko, akaikunja kamba, akavuta droo aiweke. Droo ilikuwa imejaa kamba. Hapo ndipo Mwanne alipolia, maana hadi hapo alidhani yuko peke yake.